Upinde wa Kwanza

Asubuhi, karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, mtoto wa Kihadzabe hutoka kambini na upinde wake mdogo. Pengine hajafika hata miaka 6. Anawinda ndege na panya, kwa mishale ya mti mtupu iliyochongwa ncha.

Darasa hana. Hujifunza kwa kushindana na wenzake na kwa kumtazama baba akitengeneza mshale: anaupasha moto, anauuma kwa meno pale ulipopinda, anaunyoosha, anafunga manyoya kwa kano ya mnyama. Upote nao ni kano, iliyosokotwa ikakazwa hasa. Upinde wa mtu mzima una nguvu. Kuuvuta hadi mwisho ni sawa na kuinua kilo 30 hivi.

Mnyama mkubwa huhitaji sumu, mara nyingi ya utomvu wa mmea wa adeniamu uliochemshwa hadi ukawa mzito. Mnyama akishachomwa mshale, mwindaji hamkimbizi. Hungoja, kisha hufuata nyayo taratibu. Subira hiyo inastahili heshima kubwa.

Wahadzabe ni elfu moja na ushei tu, na mashamba ya watu wengine yanazidi kusogea kwenye ardhi yao ya kuwindia. Mwaka 2011, wale wa eneo la Yaeda Chini walipata hati ya kimila ya ardhi yao.