Mas-ala ya Kadari na Dhamana katika Mvua Izidiyo

Yako maneno mawili yasemwayo kila gharika ishukapo. Wako wasemao: haya ni kadari ya Mwenyezi Mungu, basi hapana wa kulaumiwa. Na wako wasemao: haya ni kazi ya mikono ya watu, na kadari haimo. Kila kundi limeshika upande mmoja wa jambo la kweli na kuuacha wa pili. Walakin wa kwanza ndio walio wengi misikitini, na neno lao ndilo lenye madhara zaidi, kwani laonekana kuwa ni neno la dini. Kwa hivyo wao ndio wastahikio kujibiwa mbele.

Yaliyotokea ni haya. Tarehe 3 Desemba 2023, kabla watu hawajamaliza shughuli za asubuhi, matope na mawe na miti iling'oka katika mlima Hanang ikaufunika mji wa Katesh, katika nchi iliyokuwa ya mkoa wa Arusha kabla ya kugawanywa mwaka 2002. Waliokufa walizidi watu 80. Masika yaliyofuata, tarehe 12 Aprili 2024, katika mji wa Arusha wenyewe, gari la kuchukua watoto wa shule lilichukuliwa na maji ya korongo, na watoto kadha wakafa. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge ya kuwa mvua zimekwisha kuua watu 155 katika Tanzania. Haikupita hata nusu mwezi, tarehe 4 Mei, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kikafika Mafia, na watu wa pwani wajua ya kuwa vimbunga havikuzoea kupanda kaskazini kiasi hicho.

Mtu wa pwani akisikia khabari za Kaloleni ya Arusha (si ile Kaloleni ya nyuma ya Mombasa) huenda akadhani ya kuwa hizo ni shida za bara, zisizomhusu. Sivyo. Mlima Meru, ambao kimo chake ni zaidi ya mita 4,500, hunywa maji ya bahari ile ile aivukayo nahodha. Kaskazi ikivuma, majahazi huja kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikivuma, hurejea. Na baina ya pepo hizi mbili, wakati zinapopokezana, ndipo inyeshapo vuli na ndipo inyeshapo masika. Migomba ya Wameru na mahindi ya Waarusha hutegemea kupokezana huko kama vile chombo kitegemeavyo tanga. Upande wa magharibi wa bahari ya Hindi ukipata joto kuliko upande wa mashariki, vuli huzidi, kama ilivyozidi mwaka 1997, na 2019, na 2023. Mambo yakigeuka, mvua hukatika, kama ilivyokatika katika Kenya na Somalia na kaskazi ya Tanzania kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hata ng'ombe wakafa mizoga njiani.

Mizunguko hii ni ya zamani. Kimbunga kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja mwaka 1872, zama za Sayyid Barghash, hakikungojea moshi wa magari. Mwenye insafu hasemi ya kuwa kila tufani imeletwa na watu. Lisemwalo na wenye ilimu ya hewa ni hili: makaa na mafuta yanayochomwa hutoa hewa ya ukaa, nayo huizuia ardhi kupoa. Hewa hiyo kabla ya viwanda ilikuwa kadiri ya sehemu 280 katika milioni, na leo imepita 420. Ardhi na bahari zimepata joto. Na hewa ikizidi joto kwa digrii moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya 7 katika 100. Basi mvua iliyokuwa inyeshe kwa vyovyote hunyesha kwa wingi zaidi, na ukame uliokuwa uje kwa vyovyote huja na joto kali zaidi. Asili ya mvua si ya watu, lakini ziada yake ina mkono wa watu.

Sasa turejee kwa asemaye kadari. Jawabu lake liko katika khabari ya Sayyidna Umar, naye yuko njiani kwenda Sham, akaambiwa ya kuwa tauni imeingia huko. Akarudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwa maana ya kuwa kukaa ni kadari na kuondoka ni kadari, kama mchungaji aliye na bonde lenye majani na bonde kavu: popote alishapo, amelisha kwa kadari. Basi mtu aliyejenga juu ya njia ya maji amejenga kwa kadari, na angalijenga kwenginepo pia ingalikuwa kwa kadari. Kadari haikumwondolea hiari yake. Na jambo la ajabu ni kuwa mtu yule yule asemaye kadari mafuriko yakibomoa nyumba ya jirani, hasemi kadari mwizi akimwibia kuku wake. Hapo humtaka mwizi.

Wengine husema: waliokufa kwa gharika ni mashahidi, basi kwa nini kutafuta wa kulaumu? Ni kweli ya kuwa aliyekufa kwa maji amehesabiwa katika mashahidi wa akhera. Lakini daraja ya aliyekufa haimtoi kosani aliyesababisha. Aliyeuawa kwa dhulma naye ana malipo kwa Mola wake, na hapana kadhi aliyemwacha muuaji kwa sababu hiyo.

Basi ni nani mwenye dhamana? Hapa wanavyuoni wa madhhabu ya Imamu Shafi'i wamepambanua vitu viwili ambavyo watu huvichanganya, navyo ni dhambi na dhamana. Dhambi hutazama kujua na kukusudia. Dhamana ya mali iliyoharibiwa haitazami hayo: hata mtoto mdogo akivunja chombo cha mtu, hulipwa katika mali yake, naye hana dhambi. Tena tazama mas-ala ya mlizamu. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaji ya kuwa ni halali mtu kuutoa mlizamu wa dari yake ukaelekea njia ya watu wote, na pamoja na hayo kinachoharibika kwa mlizamu huo ni juu ya mwenyewe kukilipa, kwa kauli mpya ya Imamu. Kitendo ni halali, na khasara ni yake. Na mtu akiwasha moto katika shamba lake kama ilivyo ada, cheche ikaruka ikaunguza shamba la jirani, halipi. Lakini akiuwasha siku ya upepo mkali, au akauzidisha kupita ada, hulipa.

Mas-ala haya ya moto ndiyo yaliyo karibu zaidi na yetu. Waliochoma makaa miaka ya mwanzo hawakujua ya kuwa upepo unavuma. Tangu mwaka 1990, ilipotoka taarifa ya kwanza ya jopo la wataalamu wa dola zote, hapana dola iwezayo kusema ya kuwa haikuambiwa. Basi kwa yaliyotangulia huenda hapana dhambi, na dhamana ipo. Na kwa yaliyofuata yako yote mawili. Wala hapana hoja katika kusema ya kuwa wachomaji ni wengi, kwani wakishirikiana wengi katika kuharibu, kila mmoja hubeba fungu lake. Fungu la Afrika nzima katika moshi wa kila mwaka ni kadiri ya 4 katika 100. Jambo hili hata wasio Waislamu wameanza kulifikia: mwaka 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, dola zilikubaliana kuweka mfuko wa kuwalipa walioharibikiwa, na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ikatoa rai ya kuwa dola ivunjayo wajibu wake katika jambo hili yaweza kulazimika kulipa. Wala Mwislamu asidhani ya kuwa wadaiwa ni Wazungu peke yao. Mafuta mengi hutoka katika nchi za Waislamu, na mkutano uliofuata, wa mwaka 2023, ulikuwa Dubai. Haki haina jamaa.

Lakini mwenye kumdai aliye mbali huku amemdhulumu aliye karibu, madai yake hayana uso. Mito ya Themi na Naura hushuka kutoka Meru ikapita katikati ya mji wa Arusha. Sharia ya Serikali ya mwaka 2004 imekataza kujenga mita 60 kutoka ukingo wa mto, na si jambo geni kwa Waislamu: mto una harimu yake, na Imamu Suyuti wa Misri, aliyekufa mwaka 911 wa Hijra, aliandika risala nzima kuwakataza watu kujenga ukingoni mwa Nili. Pamoja na hayo watu hujenga, na mitaro hutiwa takataka hata ikaziba, na maji yakikosa njia yao huingia kwa maskini wa chini.

Kisha watu hawa hawa ukame ukija hutoka kuomba mvua. Sala ya Istiskai ni sunna iliyotiliwa nguvu. Lakini mafakihi wamesema ya kuwa kabla ya kutoka, imamu awaamrishe watu watubu, wafunge siku tatu, watoe sadaka, na watoke katika dhulma za watu. Aliyeziba mtaro wa jirani yumo katika dhulma, nayo haitoki kwa istighfari mpaka mtaro uzibuliwe. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, mvua ilipozidi Madina, aliomba ielekezwe pembezoni, kwenye vilima na mabonde na mahali paotapo miti. Maji yaliombewa yende mahali pake. Na mwenye kukata miti ya mlima akajaza bonde nyumba amepaondoa mahali hapo.

Limebaki jambo la madalali. Kiangazi, korongo likiwa kavu, kiwanja cha bondeni huuzwa kwa mgeni asiyejua, na muuzaji amekwisha kuona maji yakipita hapo masika mara nyingi. Hiyo ni aibu ya kitu kiuzwacho, na kuificha ni haramu juu ya muuzaji na juu ya dalali ajuaye. Hata jirani aliyejua yamlazimu kumwambia mnunuzi. Mnunuzi akiigundua ana khiyari ya kukirudisha kiwanja na kutwaa fedha zake. Ila haki hii ni ya papo hapo: akijua kisha akanyamaza pasina udhuru, akangoja bei ipande amuuzie mwingine, khiyari yake imeanguka, na aibu aliyofichwa yeye sasa ndiye aifichaye.