Mgeni, Mwenyeji na Adui

Huku kwetu Kasulu na Kibondo, watumishi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi hutuita sisi wenyeji kwa neno la Kiingereza host. Nililifungua kwenye kamusi nikakuta si neno moja, bali ni matatu yaandikwayo kwa herufi zile zile. La kwanza ni mwenyeji, kutoka hospes ya Kilatini. Hospes aliweza kuwa mwenyeji au mgeni wake, na humo ndimo zilimotoka hospitali na hoteli. La pili ni jeshi au umati, kutoka hostis, ambalo zamani lilikuwa mgeni, baadaye likawa adui. La tatu ni mkate wa Komunyo, kutoka hostia, yaani kafara. Wataalamu huyarudisha hospes na hostis kwenye shina moja, lile lile lililozaa guest, yaani mgeni. Kwa hiyo katika mizizi ya neno hilo, mgeni na adui walitoka tumbo moja.

Sisi nasi tunalo letu. Warundi, ambao lugha yao na Kiha ni ndugu, husema umugeni wakimaanisha bibi harusi: mgeni aliyekuja kukaa. (Sina hakika kama mabibi harusi wote hulifurahia.)

Je, mgeni hukoma lini kuwa mgeni? Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii husomwa kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naona humo deni la mwenyeji pia, maana mtoa jembe ni yeye, na jembe halilimi hewani. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakalima, na kufikia 2014 zaidi ya 160,000, pamoja na wazao wao, walikubaliwa uraia. Waliofika Nduta ilipofunguliwa tena 2015 walikuta sheria ya 1998, inayowataka wakae eneo lililotengwa na wasitoke bila kibali.

Malalamiko ya majirani zangu nayajua: kuni zimekuwa mbali, mihogo imeibwa. Ni kweli. Lakini hatuwezi kumzuia mtu kwenda shambani kisha tukamlaumu kwamba anakula mgawo. Kambi ya Nyarugusu ilianza 1996. Aliyezaliwa humo mwaka uliofuata ni mtu mzima sasa. Kama ningeulizwa, huyo siku yake ya tatu imepita zamani, na kibali cha kulima kijijini ndicho ningeanza kumpa.