Shilingi na Mtoto Mdogo

Twataka kusema nanyi, ndugu zetu wa mji, juu ya mali na mahali inapowekwa.

Mtu wetu akijaaliwa mali hupenda kuacha jengo. Huinua madrasa ya orofa mbili, akatia jiwe la marumaru lenye jina lake, na ndani akamweka mwalimu ambaye mshahara wake hautoshi unga wa mwezi. Hatusemi majengo hayafai. Jua letu na mvua zetu twazijua. Twauliza tu, katika shilingi zile, ni ngapi zilizomfikia mtoto?

Swali hili limekwisha pimwa kwingine. Kisiwani Jamaika, mjini Kingston, mwaka 1986 na 1987, walichaguliwa watoto 129 wa mafukara waliodumaa, umri wao baina ya miezi 9 na 24. Hawakujengewa hata chumba. Wako waliopewa maziwa. Wako waliozuriwa nyumbani kila wiki, muda wa saa moja, na wanawake wahudumu wa afya, wakimfundisha mama kucheza na mwanawe na kusema naye, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono. Wako waliopata yote mawili, na wasiopata lolote. Kazi hiyo ilidumu miaka 2. Walipotafutwa baada ya miaka 20, wale waliozuriwa walikuwa wakipata mshahara uliozidi wa wenzao kwa asilimia 25. Maziwa peke yake hayakuonyesha athari hiyo. Kweli watoto hao ni wachache, na mwenye insafu hatawafanya kanuni ya ulimwengu mzima; walakin ni khabari ya kumnyima usingizi mwenye kupenda marumaru.

Na huko Msumbiji, katika vijiji vya jimbo la Gaza, ziliwekwa skuli za watoto wadogo ambazo gharama yake haikufika dola 3 kwa mtoto kwa mwezi. Waliopitia humo waliingia skuli ya msingi kwa wingi kuliko wasiopitia.

Sababu si siri. Mtoto aingiaye darasa la kwanza hajazoea kuulizwa wala kujibu, hubaki nyuma, hurudia darasa, kisha huacha. Na mzazi na serikali huwa wamelipa mara mbili kwa kitu ambacho hawakukipata.

Wala tusidhani haya ni ya wageni. Hapa Mombasa, katika miaka ya 1980, wazazi wa Kiislamu walitaka watoto wao wapate dini na maandalizi ya skuli pamoja, na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akashika kazi ya kuwafundisha walimu, wengi wao wanawake wa mitaani mwetu. Vyombo vya kufundishia vilikuwa vifuu, makombe ya pwani na mbegu. Mpango ule ukavuka hata Unguja na Uganda. Ulisimama kwa kuwa mwalimu alifunzwa, akatembelewa na kusahihishwa darasani. Hiyo ndiyo gharama yenyewe, na ndiyo ambayo watoaji wetu huikimbia, maana haionekani barabarani.

Tangu katiba ya 2010 skuli za chekechea zimekuwa jukumu la kaunti. Hilo halituondolei sisi. Kodi ya duka moja ikiwekwa wakfu kwa mishahara ya walimu wa watoto wadogo, italipa kila mwezi, mwaka hata mwaka. Na atakayeiweka asharuti mapema idadi ya watoto kwa kila mwalimu, kwani watoto 60 kwa mwalimu mmoja ni kupoteza hata hiyo kidogo.