Kusimulia Upya Dubwana: King Kong na Eimu wa Ukambani

Suala la mtunzi anayerudia kazi ya mwingine aghalabu hujadiliwa kwa misingi ya fani peke yake. Filamu ya King Kong aliyoitoa Peter Jackson mwaka 2005 inadhihirisha upungufu wa mkabala huo. Filamu ya awali, ya Merian C. Cooper na Ernest B. Schoedsack (1933), ilikuwa ya dakika 100 hivi. Ya Jackson ni ya dakika 187. Walioishutumu kwa urefu, na walioisifu kwa ustadi wa mitambo, wote wameupima utepe wakaiacha hadithi. Swali la kimaadili ni jingine: je, anayerefusha hadithi ya dubwana huwatendea haki wale wanaokufa ndani yake?

Urefu wenyewe si kosa. Ngano za Eimu, zimwi la Wakamba wa Kitui na Makueni, zilikusanywa na Gerhard Lindblom wa Uswidi mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye na John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, katika Akamba Stories (1966). Azisomaye vitabuni hushangaa jinsi zilivyo fupi. Urefu wake ulikuwa kinywani mwa fanani na katika wimbo uliorudiwa na hadhira. Kilichoongezwa kiliongeza pia sehemu ya msikilizaji.

Nyongeza za Jackson ni za aina mbili. Mwaka 1933 Kong alipigana na dainosari mla-nyama mmoja; mwaka 2005 anapigana na watatu, huku akimhamisha Ann kutoka mkono hadi mkono, hata mguuni, asidhurike. Hapo hapana budi kukiri kwamba ziada ina kazi: uangalifu wa mnyama unaonekana kwa macho. Lakini mkurupuko wa dainosari bondeni, na genge la wadudu linalofuata, huongeza maiti tu. Mabaharia husagwa na kutafunwa kwa namna inayomwalika mtazamaji astaajabie mitambo. Denham, mtengeneza filamu ndani ya filamu, huahidi kuwapa jamaa za marehemu faida ya picha zake, na ahadi hiyo huitoa zaidi ya mara moja. Jackson anamkejeli, na kejeli hiyo ni kali. Ila biashara yao ni moja.

Hali ya wenyeji wa kisiwa ni mbaya zaidi. Katika filamu ya 1933, pamoja na ubaguzi wake wote, wana mtemi anayezungumza na kujadiliana na wageni, na Kong anapobomoa lango ni kijiji chao kinachoangamia. Katika ile ya 2005 wamegeuzwa viumbe vya kutisha tu, na baada ya Kong kutekwa hawaonekani tena. La ajabu ni kwamba Jackson aliuona ubaya wa picha ile ya zamani: aliwaweka wachezaji waliovishwa mavazi ya kishenzi katika jukwaa la Denham huko New York, kama mfano wa ulaghai. Alimsuta babu kwa kosa ambalo mjukuu amelizidisha. Filamu inayoomba machozi kwa ajili ya sokwe, isiwe na hata chozi moja kwa watu waliomtolea kafara kwa hofu, imepanga huruma yake vibaya.

Eimu hatendewi hivyo. Jina lake lenyewe linakaribiana na lile la mizimu ya wahenga, kwa hiyo si mgeni kamili. Ni zimwi lijualo watu. Humeza watu na mifugo, na katika ngano kadhaa anapokaribia kufa huagiza akatwe kidole, na hapo waliomezwa hutoka wazima. Msimulizi anawajibika kwa kila aliyemezwa. Jackson, kwa saa tatu na ushei, hawajibiki kwa yeyote ila Kong na Ann.

Isidhaniwe kwamba ngano hizi hazina lawama. Denham humalizia filamu zote mbili kwa kulitwika kosa pendo la mnyama kwa mwanamke, akijitoa mwenyewe, yeye aliyemfunga minyororo. Ngano za Ukambani nazo humlaumu msichana aliyemfuata kijana mzuri asiyejulikana kwao, kumbe ni Eimu. Jackson alikuwa na nafasi ya kuihoji hukumu hiyo, maana Ann wake, tofauti na yule wa 1933 anayepiga mayowe tu, humchezea Kong michezo ya jukwaani, humkataa, humcheka, na juu ya jengo la Empire State husimama baina yake na ndege. Baada ya yote hayo maneno ya mwisho bado amepewa Denham, na Ann hapewi la kujibu.