Wasia wa Christopher Codrington

Yako maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu upesi kisha akalala usingizi. Moja ni hili: mali ya udhalimu ikitolewa kwa Kanisa, kwa kusudi jema, je, Kanisa laweza kuipokea?

Katika kisiwa cha Barbados, bahari ya Karibi, alizaliwa mwaka 1668 Christopher Codrington, mwana wa tajiri mwenye mashamba ya miwa na watumwa wa asili ya Afrika. Alisoma Oxford, akawa askari, kisha gavana wa Waingereza katika visiwa vya jirani. Alikufa mwaka 1710. Katika wasia wake, alioufanya mwaka 1703, mashamba yake mawili ya Barbados alikiachia Chama cha Kueneza Injili cha Kanisa la Kiingereza, ili kiwepo chuo cha kufundisha dini na utabibu, wanafunzi wapate kutunza miili ya watu na roho zao pia. Ni neno jema. Lakini aliweka na sharti: mashamba yaendelee kama yalivyo, na watumwa wasipungue 300 siku zote.

Basi Chama cha Injili kikawa bwana wa watumwa. Tena wengine walipigwa chapa ya moto kifuani, neno la Kiingereza lenye maana ya Chama. Najiuliza, katekista aliyekwenda kuwafundisha habari ya alama ya msalaba katika ubatizo, aliitazamaje alama ile nyingine?

Mtu aweza kuwatetea wasimamizi, akisema, Wasia ni wasia, neno la marehemu halitanguki. Silidharau jibu hilo, maana mwenye kutunza amana hana ruhusa kuigeuza apendavyo. Lakini wasia una nguvu juu ya mali tu, na mtu si mali. Codrington alitoa kisichokuwa chake. Someni Mathayo 27: makuhani wakuu, ambao hatuwasifu kwa lolote, walikataa kutia hazinani vile vipande 30 vya fedha vya Yuda, kwa kuwa ni kima cha damu. Katika neno hilo moja walikuwa waangalifu kuliko Chama.

Wala mtu asiseme kwamba zamani zile hapana aliyejua. Mwaka 1766 Askofu Warburton alihubiri mbele ya Chama chenyewe, akaukemea utumwa waziwazi. Walimsikia, wakarudi kwenye hesabu za sukari.

Shule ilifunguliwa mwaka 1745, na baadaye chuo kikatoa wachungaji wengi, hata wazao wa watumwa. Hapo ndipo swali linaponisumbua zaidi, maana siwezi kutamani kwamba wasingalisoma.

Sheria ya kuukomesha utumwa ilitolewa mwaka 1833. Serikali ya Uingereza ikatenga paundi milioni 20 za fidia, si kwa watumwa, bali kwa mabwana wao. Chama kilipewa zaidi ya paundi 8,800 kwa ajili ya watu 411. Watu wenyewe hawakupewa hata peni moja. Sinodi Kuu ya Kanisa la Kiingereza iliomba radhi mwezi wa Februari 2006, karibu miaka 300 tangu Codrington azikwe.