Je, Maisha ni Yangu Peke Yangu?

Kisiwa cha Cocos katika Bahari ya Pasifiki ki umbali wa kilomita 550 hivi kutoka pwani ya Kostarika. Waendao kupiga mbizi huko na mitungi ya hewa hulala melini siku zote za safari; hospitali ziko bara. Kwa hiyo kabla ya kuondoka huulizwa: Je, una pumu? Una ugonjwa wa moyo? Wako wafichao, wakisema, "Maisha ni yangu." Lakini chini ya maji kila mtu ana mwenzake. Akizidiwa, mwenzake atajihatarisha ili amwokoe, na safari ya wote itakatizwa. Basi uongo ule umekopa maisha ya wengine bila idhini yao. Heri abakiye pwani na kweli yake.