Msuluhishi na Pande Zake Mbili

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii humwonya mtu baki asijitie katika ugomvi wa damu moja, maana wenyewe watapatana na yeye atabaki na lawama. Lakini haisemi ni nani aliyewapatanisha wakati sisi wengine tuko shambani. Yupo mtu ambaye hakuchukua jembe. Alibaki, akasikiliza, akasemwa huku na huku. Mtu huyo hana askari wala pingu. Hupata wapi, basi, uwezo wa kutamka neno likashika?

Jibu jepesi ni kwamba uwezo huo hutokana na kutokuwa na upande. Hivyo ndivyo tunavyomtaka hakimu awe: akiwa na udugu na mdai au mdaiwa, ajitoe katika kesi. Tukilitumia sharti hilo hapa Matuga, Kwale, kuanzia Waa na Tiwi hadi Mkongani, ni vigumu kupata msuluhishi hata mmoja. Mzee wa mtaa ni mjomba wa huyu na shemeji wa yule. Imamu alimwozesha mmoja na kumzika baba wa mwingine. Hata hivyo ni hao hao wanaoitwa, na watu hawawaiti kwa kukosa wengine.

Tazama ugomvi wa minazi. Katika Pwani hii, mti na ardhi iliyoubeba huweza kuwa na wenyewe mbalimbali. Tena Wadigo wa zamani walirithishana kwa ukoo wa mama: mwanamume akifa, mali yake ilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Uislamu ulipokita mizizi, urithi wa mafungu ukampa mwana wa kuzaa haki yake. Baba akafa akiwa amepanda minazi katika ardhi ya ukoo. Mpwa akasimama na ada, mwana akasimama na sharia. Kila mmoja alikuwa na hoja ya kweli. Mahakama sharti ichague sheria moja na kuipa nguvu. Msuluhishi anaweza kuanza na swali jingine: baada ya leo, mtaishi vipi? Huenda akapendekeza ardhi ibaki kwa ukoo na mazao ya minazi yawe ya watoto wa aliyeipanda. Akikosea, chuki itakayozaliwa haitamwacha nje, kwa kuwa wote wawili ni watu wake.

Kurani ina mafundisho karibu na haya. Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, inaelekeza kwamba ikihofiwa mfarakano kati ya mume na mke, ateuliwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Haikumtaka mgeni asiyewajua. Imewataka watu wenye upande, ila wenye nia ya kusuluhisha. Nami naamini uadilifu wa msuluhishi umejengwa hapo. Hautoki katika kutompenda yeyote, unatoka katika kukataa kumpoteza yeyote.

Fikra hii ina hatari yake, nayo ni nzito. Ikiwa uwezo wa msuluhishi unatokana na ujamaa, basi huweza kubeba na dhuluma zilizomo ndani ya ujamaa huo. Binti akinajisiwa, wazee wa nyumba mbili wakaketi, fidia ikalipwa na ikasemwa yaishie nyumbani, hapo hapakuwa na suluhu. Nyumba mbili zilikuwa na watu wao barazani. Binti hakuwa na mtu. Aliyedhulumiwa ndiye upande wa kwanza wa shauri, na hakuketishwa. Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 159, inahimiza upatanisho na njia za jadi, kisha inakataza zisitumike kuvunja haki za msingi wala kukiuka haki na maadili. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo haikuwaachia wazazi wala wazee uamuzi wa kusimamisha mashtaka. Wako wanaoiona mipaka hii kama dharau kwa wazee. Mimi naiona kama heshima, kwa sababu mjane anayejua kwamba mlango wa mahakama uko wazi akikubali neno la mzee, amekubali kweli. Asiye na mlango mwingine amenyamaza tu.

Hatari ya pili, ya heshima iliyo ya upande mmoja tu, tuliionja mwaka 1997. Kuelekea uchaguzi, vijana walilishwa viapo katika msitu wa Kaya Bombo, hapa Kwale, na tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika machafuko yaliyofuata, na watu wa bara kwa maelfu wakakimbia makwao. Malalamiko ya ardhi na kazi yalikuwa ya kweli, na wanasiasa wakayachochea. Kiapo, ambacho kingeweza kufunga amani, kilifunga vita. Mtu mwenye heshima ya upande mmoja pekee hawezi kuwa msuluhishi, hata heshima hiyo iwe kubwa kiasi gani.

Baina ya majirani wasio na damu moja, kwa hiyo, msuluhishi hazaliwi, hutengenezwa. Hutengenezwa kwa kuoana, kwa kuzikana, kwa kamati ya shule ambamo mama wa Kidigo na mama wa Kikamba wanashika daftari moja la hesabu, na kwa viongozi wa msikiti na kanisa kujuana kabla ya msimu wa kura. Kazi hii hufanywa wakati wa utulivu, ingawa wakati huo haionekani kuwa na haraka.

Tunapomchagua wa kutuketisha, basi, tumuulize: ukipotosha shauri hili, utampoteza nani huku, na utampoteza nani kule? Mwenye mtu upande mmoja tu ni mtetezi, naye tumpe nafasi ya mtetezi. Mwenye watu pande zote mbili, na aliye tayari kumsikiliza kwanza yule asiye na sauti, tumkabidhi shauri.